Uji wa Saa Nne

Mtaani kwetu wananiita Bila Chumvi. Sikasiriki. Aliyelianzisha jina hilo ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mshonaji, ambaye alikula kwangu siku moja akatoka akitangaza kwamba ukialikwa kwa yule mama, beba chumvi mfukoni. Watu wakacheka, jina likanasa. Miaka miwili baadaye mshonaji huyohuyo alibisha hodi na karatasi ya daktari mkononi, presha imempanda, anaomba nimwonyeshe jinsi ya kuyapika maharage yakawa matamu kwa limau na kitunguu saumu. Nikamwonyesha. Sikumkumbusha habari za mfukoni, ingawa ulimi uliniwasha.

Mimi ni mpishi wa hospitali. Miaka kumi na mmoja nimesimama mbele ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na kazi yetu inakwenda kwa rangi. Sahani nyeupe ni ya mgonjwa anayekula chakula kamili. Ya kijani haina chumvi. Ya buluu ni nusu: nusu upawa wa wali, nusu upawa wa maharage, mboga kidogo, kipande cha papai. Wodini wanatuletea orodha, kila kitanda na duara la rangi mbele yake, sisi tunapakua, toroli linapanda juu. Mpishi hapandi wodini. Viatu vyetu vya mpira vina mafuta, na wauguzi hawataki kuviona kwenye sakafu yao. Kwa hiyo naijua sahani inavyotoka mlangoni mwetu na inavyorudi. Katikati hapo sijui kitu, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza.

Sahani zikipata ufa au zikibanduka ukingo hospitali huzitoa, na sisi wapishi hugawana. Ndiyo maana hata nyumbani kwangu tulikula kwa rangi. Mimi na mume wangu tulikula kwenye kijani. Yeye ni fundi majokofu mwenye kitambi ambacho hutangulia kuingia mlangoni kabla yake. Binti yetu wa pekee, tunayemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo juu ya mdomo, alikula kwenye nyeupe. Nyumba yangu ilikuwa na sheria, na sizionei haya. Televisheni inazimwa. Mboga inaanza. Anayetaka soda akainywe kwa jirani. Na hakuna mtu kula peke yake, maana anayekula peke yake hula vibaya, ama anabugia ama anaacha. Mume wangu alikuwa akisema kwetu hata nzi hunawa kabla ya kutua.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi akitokea hospitali, hiyohiyo ninayofanyia kazi, baada ya kulazwa siku tisa kwa ajili ya tumbo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akimaliza kula alifuta sahani kwa kidole cha shahada, akianzia ukingoni na kuzunguka, kuzunguka, mpaka katikati, ikabaki alama kama gamba la konokono. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa na duara la buluu. Muuguzi alianza kumweleza mume wangu maana yake, mume wangu akamkatiza kwa majivuno: mke wangu ni mpishi wa hapahapa, anajua. Nami nilijua. Nilimtolea mama sahani ya buluu nikampakulia nusu, asubuhi, mchana na jioni, bila kukosea hata punje.

Wiki ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, uji wa saa nne huku haupo?"

Nikadhani ni umri. Nikamwambia kwa upole kwamba kwetu tunakula mara tatu, na hiyo ndiyo dawa yake. Akaniuliza tena kesho yake, na siku ya tano pia. Mara moja alinitania kwamba nina mkono wa birika, akacheka, nami nikacheka, kwa sababu mama mkwe akikutania unacheka. Sikumwongezea. Baadaye akaacha kuuliza. Alikula nusu yake, akafuta sahani kwa kidole, akaisukuma mbele na kusema, "Nimeshiba, mwanangu." Nilikwenda nikajisifu kazini. Niliwaambia wenzangu tumbo la mzee wetu limezoea, nidhamu ni kitu kizuri.

Mwezi wake wa nne kwetu alifariki mchana, amekaa kitini kwake barazani, mikono mapajani kama anayesubiri kuhudumiwa. Mume wangu alimnyanyua peke yake akamwingiza ndani, na nilimwona uso ukimbadilika kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Watu walisema uzee hauna dawa. Wakanisifu kwa kumtunza, na mimi nikashukuru.

Kiti chake tulikiacha palepale barazani. Mwezi wa pili baada ya maziko, Jumamosi moja saa saba mchana, nilitoka jikoni na bakuli la wali nikakikuta mezani, kati ya Kidoti na ukuta. Mume wangu akakirudisha. Jumapili kilikuwepo tena. Mume wangu akasema ni mtoto anakivuta ili amkalishe mwanasesere wake. Kidoti alitazama tu sahani yake. Kiti kile ni cha mbao nzito, mimi mwenyewe hukisukuma kwa goti. Nikapakua, maana huwezi kugombana na kiti huku wali unapoa.

Kisha ikaja mizani. Kidoti ana miaka saba, na shuleni kwao watoto hupimwa kila mwanzo wa mwezi. Alikuwa na kilo ishirini na mbili. Mwezi uliofuata ishirini na moja, halafu kumi na tisa na nusu. Mwalimu wake alinitumia barua ya heshima akiuliza kama nyumbani kuna shida yoyote. Mimi, Bila Chumvi, ninayewafundisha mtaa mzima kula, naulizwa kama mwanangu anakula. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilimpeleka hospitali wakampima kila kitu. Hana minyoo, hana malaria, damu safi, kifua safi. Daktari akasema akishuka chini ya kilo kumi na saba itabidi alazwe, na kwamba mtoto akifika hapo kumrudisha si kazi ndogo.

Nikaongeza chakula. Upawa na nusu, yai, maziwa, karanga, parachichi. Sahani ilirudi safi kila siku, na sketi yake ya shule nikawa naifunga kwa pini. Nilipomwogesha nilihesabu mbavu bila kutaka. Niliogopa, na hofu yangu huwa inatoka kama hasira. Nilimfokea mume wangu kwa kitambi chake, nikamfokea mshonaji kwa kelele za cherehani, nikamfokea Kidoti kwamba atafune vizuri.

Alama niliiona nikiosha vyombo. Kidoti hula kwa kijiko. Sahani yake nyeupe ilikuwa na mchuzi uliokaukia, na ndani ya mchuzi kulikuwa na njia ya kidole, imeanzia ukingoni, imezunguka, imeishia katikati. Niliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha huku bomba likimwaga maji. Nikaweka kidole changu juu ya ile njia, kikaenea sawasawa. Hakikuwa kidole cha mtoto.

Nikaiosha haraka, nikaiosha tena. Kisha nikapanda kwenye stuli nikafungua kabati la juu, nilikoiweka sahani ya buluu siku ya maziko. Ilikuwa na vumbi, haijaguswa. Nitasema ukweli, nilitamani niikute chafu. Ingekuwa chafu ningejua kwamba angalau anakula chake.

Jumamosi iliyofuata mume wangu alikuwa na kazi ya friji la duka la nyama, kwa hiyo mezani tulikuwa mimi na Kidoti, na kile kiti. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa sakafuni, cherehani ya mshonaji inakimbia upande wa pili wa ukuta. Nilimpakulia, nikaacha sahani yangu, nikamtazama. Alikula vizuri, kwa utulivu, kama nilivyomfundisha. Alipofika nusu aliweka kijiko chini, akaweka mikono mapajani, akasubiri.

Sikupepesa macho, hilo ningeweza kuapa. Lakini sikuona chakula kikiondoka. Kulikuwa na wali na maharage nusu sahani, na mvuke wake; kisha hapakuwa na kitu, na katikati ya hayo mawili sikuweza kukumbuka. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sahani ilikuwa na alama ya konokono, bado mbichi.

"Chakula kimekwenda wapi, Kidoti?"

"Kwa bibi. Nampa nusu yangu."

"Nani alikwambia umpe?"

"Hakuna. Ana njaa, mama." Akanitazama kama mtu anayesubiri kufokewa. "Anauliza uji wa saa nne uko wapi."

Unaweza kusema mtoto aliyasikia hayo wakati bibi yake yu hai. Hata mimi nilijiambia hivyo, nikijifunga khanga upya bila sababu, nikifuta meza iliyokuwa safi. Lakini mama alikuwa ameniuliza jambo hilo mara tatu akiwa hai, na sasa hii ni ya nne, na mtu haulizi mara nne jambo lisilokuwepo. Jumatatu nilivua viatu vya mpira mlangoni mwa jiko, nikapanda ngazi za wodini na soksi.

Nilikuwa namtafuta Bi Mizani. Ni mtaalamu wa lishe, na tunamwita hivyo kwa sababu hampi mtu kiti kabla hajampima. Hata fundi aliyekwenda kumbadilishia taa alipandishwa mizani kwanza. Ofisi yake ina matunda ya plastiki mezani, na huwa namcheka kwamba ndiyo chakula pekee hospitalini ambacho sikupika mimi. Siku hiyo sikucheka. Nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, kwa nini mgonjwa wa sahani ya buluu anapewa nusu.

"Kwa sababu anakula mara sita, dada," akasema. "Ninyi mnapika tatu. Wahudumu wa wodi wanakoroga uji saa nne, saa kumi na saa mbili usiku. Tumbo dhaifu tunaligawia kidogo kidogo, hatulinyimi."

Nikamuuliza, na akila hiyo nusu tu, mara tatu?

Akacheka, akidhani ni utani wa jikoni. "Hiyo si lishe. Hiyo ni njaa iliyowekwa kwenye sahani."

Nilitoka nikapita mbele ya chumba kidogo mwishoni mwa wodi. Kulikuwa na jiko la umeme, sufuria moja, mwiko, na vikombe vimepangwa kwenye sinia. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tano. Mhudumu alikuwa anamimina uji wa maziwa, na harufu yake ilikuwa nzuri. Miaka kumi na mmoja nilipika chini ya sakafu ile. Nilikuwa nimemuua mama wa mume wangu kwa upawa, mbele ya watu, nikisifiwa, na kila siku alinishukuru.

Mume wangu sikumwambia. Ningeanzia wapi? Alimkatiza muuguzi kwa ajili ya kujivunia mimi.

Jumapili, mume wangu akiwa bado kitandani na gazeti lake, nilipika uji. Niliukoroga kwa maziwa na karanga za kusaga mpaka ukawa laini, nikaumimina kwenye kikombe kizuri cha wageni, na ilipotimia saa nne nikauweka mezani mbele ya kile kiti. Kidoti alikuwa amekaa mahali pake.

"Mama," nikakiambia kiti, "nilikosa. Sikujua, na sikuuliza. Karibu uji."

Tulisubiri. Uji ukaacha kutoa mvuke, ukaweka utando juu. Hapakutokea kitu. Nje mshonaji alikuwa anapiga soga na mteja kuhusu kola ya shati. Nikaanza kulia kimya kimya, maana nilidhani msamaha umekataliwa, na nikamwangalia mwanangu, shingo yake ilivyokuwa nyembamba juu ya ukosi wa gauni.

"Hawezi, mama," Kidoti akasema taratibu. "Hapa hakuna mtu kula peke yake."

Sheria yangu. Mama mkwe wangu alikuwa anaifuata sheria yangu. Tangu siku ya kwanza alikuwa mgeni mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwakaribisha, alikula kwa aliyempa, akachukua nusu tu, kwa sababu nilimfundisha kwamba chake ni nusu. Na aliyempa alikuwa mtoto wa kilo kumi na nane.

"Basi ale na mimi," nikasema.

"Mwambie mwenyewe. Yupo."

Nikasimama nikakishika kiti kwa mikono miwili nikaanza kukivuta kuelekea upande wangu. Kilikuwa kizito kuliko siku zote, miguu yake ikikwaruza sakafu. Halafu katikati ya chumba kikawa chepesi ghafla, kana kwamba mtu amenyanyuka ili anipunguzie kazi. Nikakiweka karibu na changu. Nikaketi, nikavuta kikombe, nikasema karibu, mama, tule. Uji ulikuwa wa uvuguvugu mdomoni, mtamu wa karanga. Niliumeza nikausubiri ufike tumboni. Haukufika.

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Kiti hakijarudi upande wa Kidoti hata mara moja. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo kumi na tisa, wa pili ishirini na nusu, na sasa ana ishirini na tatu, pini ya sketi nimeitupa. Mwalimu alituma barua nyingine ya heshima, ya pongezi. Nakula mara sita kwa siku, saa nne na saa kumi nakoroga uji hata nikiwa kazini, na nampikia mama kwa chumvi kidogo kwa sababu aliipenda. Kila chakula nakionja chote, na chote kinakwenda kwake. Kisha nanyanyuka mezani na njaa ileile niliyoketi nayo.

Mtaani wananisifu. Mshonaji amenipunguzia magauni mara tatu na ameomba nimwandikie ninachokula. Wenzangu jikoni wanasema nimerudi msichana. Bi Mizani peke yake hakusifu. Wiki jana alinivuta mkono akanipandisha kwenye mizani, akaisoma, akanishusha, akanipandisha tena. Akachukua karatasi akanichorea duara la buluu, akaniambia hii unaijua, mara sita, usinidanganye. Nikamwambia naijua.

Jana mchana tulikula wote. Mume wangu alikuwa anasimulia habari za mteja aliyehifadhi viatu kwenye friji, na mimi nilicheka mahali pa kuchekea. Sahani yangu ilikuwa imeshafutwa, alama ya konokono katikati. Kidoti alikuwa hajamaliza. Nilimwona ameweka kijiko chini. Aliitazama mikono yangu, mifupa ya vidole, akatazama kiti kilicho karibu nami, kisha akaisukuma sahani yake nyeupe kuvuka meza mpaka ikagusa yangu. Nusu ilikuwa imebaki, ya wali wa moto, na mvuke unanipanda usoni.

"Chukua nusu yangu, mama."

Mate yalinijaa mdomoni. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kutoka mapajani, na hili nalisema kama lilivyokuwa, vidole vilishafika ukingoni mwa sahani. Hapo nikamwelewa mama mkwe wangu mpaka mwisho. Hakuwa ameiba kitu. Alikaribishwa na mtoto, akiwa na njaa, na hakuwa na nguvu ya kukataa.

Niliurudisha mkono. Nikaisukuma sahani mbele, ikarudi kwa mwanangu.

"Nimeshiba, mwanangu," nikasema, nikakaa nikimtazama akila mpaka akamaliza.